Mwenyekiti Aliyekula Mchana Nyumbani

Simu iliita saa nne na robo asubuhi, mwalimu wa darasa la kwanza akiwa ameinama kwenye dawati la mtoto, amemshika mkono wamalizie pamoja herufi "k". Hakuipokea. Ikaita tena, na tena. Mara ya nne akatoka nje, vidole vimejaa vumbi la chaki.

"Mwalimu, njoo," ilisema sauti ya Futi, msimamizi wa kiwanda cha magodoro cha baba yake mwalimu, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu hakuachana na futi yake ya kupimia hata siku moja. "Mwenyekiti ameanguka."

"Ameanguka wapi? Kwenye ngazi?"

"Mashineni. Njoo hospitali," alisema Futi. Nyuma yake palikuwa kimya. Mashine zote zimezimwa. Mwalimu akakimbilia barabarani.

Baba yake, huyo Mwenyekiti, aliamka mzima wa afya, akanywa chai, akamtania mkewe kwamba ile miwani mpya imemfanya afanane na hakimu. Saa nne alikuwa kwenye mashine ya kukatia sponji, anapiga soga na mafundi. Saa nne na dakika tano alikuwa sakafuni, moyo umesimama. Hospitalini daktari hakuwa na la kufanya zaidi ya kuthibitisha. Mwalimu alimkuta amelala na kiatu kimoja tu mguuni, na kwa muda mrefu hakuweza kuwaza kitu kingine ila kile kiatu cha pili kiko wapi.

Mzee alikuwa ameanza na cherehani moja ya miguu, anashona na kujaza magodoro ya pamba barazani kwenye nyumba ya kupanga. Alifika kwenye kiwanda cha wafanyakazi mia na arobaini, na uenyekiti wa chama cha wafanyabiashara kwa miaka kumi na mmoja. Lakini kilichompa sifa mjini ni jambo jingine. Kila siku, saa saba kamili, aliacha chochote alichokuwa anafanya, akaenda kula nyumbani na mkewe, faili kwapani.

"Mwenyekiti, mama watoto amekufunga kamba?" wenzake walimtania.

"Kamba? Mnyororo! Na ufunguo nimeumeza mwenyewe."

Watoto wake wanne walikua wakijua kwamba baba na mama hula chumbani, na mlango haugongwi mpaka saa nane. Walikonyezana tu, wakasema wazee bado wana mapenzi ya ujana.

Siku ya pili ya msiba, ndugu waliamua kwamba mwalimu ndiye ataandika wasifu wa marehemu. Akaenda ofisini kutafuta karatasi zake. Mafaili yalikuwa yamepangwa vizuri, na kwenye pembe ya kila barua palikuwa na mchoro mdogo wa penseli: kuku, kitanda, ndoo, jua.

"Nani kachora hivi?" alimuuliza Futi.

"Si mwenyewe? Sisi tulidhani ni mkono tu unacheza, kichwa kinawaza."

Mwalimu alipekua droo zote. Hakukuta hata neno moja la mkono wa baba yake, ila sahihi. Akakumbuka ripoti zake za shule alipokuwa mtoto, na Baba akimwambia: "Hebu nisomee mwanangu, nataka niisikie kwa sauti yako." Akakumbuka miwani ya baba yake iliyokuwa inasahaulika kila palipo na la kusoma. 

Nyumbani alimvuta mama yake pembeni. "Mama, Baba alijua kusoma?"

Mama alivua miwani. "Funga mlango."

Hakujua. Kwa miaka thelathini na minne, mke alisoma na mume akasikiliza, faili katikati ya sahani. Michoro ile ilikuwa alama zake, asije akachanganya barua hii na ile. Hotuba za chama alisomewa mara tatu, akazishika neno kwa neno.

"Na mimi kazi yangu ni kufundisha kusoma!" mwalimu alisema. "Kwa nini hakuniambia?"

"Wewe ndiye aliyekuogopa kuliko wote. Mwaka juzi alipokuja kukaa nyuma ya darasa lako, ulidhani kaja kukutazama wewe?"

Alikuwa amekaa kwenye kibenchi cha watoto, magoti yamekaribia kidevu, kipindi kizima, kisha akaondoka bila kuaga.

"Jioni ile aliniandikia jina langu," Mama alisema. "Lilipinda, lakini lilikuwa langu."

"Nitasema nini mbele za watu?"

"Sema hivyo hivyo. Aibu ilikuwa yake, na ameondoka nayo. Mimi sikuwahi kuiona."

Alipousoma wasifu msibani, mwalimu akasema hivyo hivyo. Waombolezaji wakageukiana. Katibu wa chama alibaki mdomo wazi: mtu yule alikuwa anashika karatasi, tena anafunua ukurasa pale pale panapotakiwa! Ndipo Futi akaropoka, "Kumbe! Barua yangu ya likizo aliishika juu chini. Nikajua amekasirika!" Watu wakacheka, na katika kucheka huko huko wakaanza kulia upya.

Baada ya wiki mbili mameneja walikaa kutafuta wa kuongoza kiwanda. Walizunguka huku na huku mpaka Futi akachoka. "Anayeijua kila karatasi ya hapa yuko nyumbani. Tunahangaika nini?"

Wakamwomba Mama aongoze; siku ya kwanza alikuja na mkoba wake, binti yake mwalimu akamsindikiza mpaka chumba cha mkutano. Mwanasheria wa kampuni inayowauzia sponji alikuwa amekuja na mkataba mpya, akaanza kumweleza polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Usijisumbue, baba," Mama alimkatiza. "Kipengele cha tisa mlijaribu kukibadilisha mwaka juzi bila kutuambia. Nilikiona kabla sijamaliza kutafuna. Tuanzie hapo."

Mwanasheria alimtazama Futi, Futi akatazama dari. Mlangoni mwalimu alisimama ameduwaa, hajui acheke au alie, huku mama yake akivaa miwani na kunyoosha mkono kupokea faili.