Tumbo la Ndama wa Mama

Baba yangu mdogo wa Shinyalu ana maneno mengi na akili kidogo, na ni kwa maneno hayo alitushawishi tumwachie ng'ombe wa mama. Kwake nyasi zilikuwa tele, kwetu hakuna. Kwa desturi yetu, anayekufugia ng'ombe hunywa maziwa, lakini ndama ni wako. Ng'ombe alikuwa mzee na mwenye mimba, na huo ulikuwa uzao wake wa mwisho. Alipozaa jike, mama alifurahi kupindukia. Bila ndama yule, zizi lake lingebaki tupu.

Kila Jumapili baada ya ibada, baba mdogo alimsifu ndama mpaka nikachoka. Alipotimiza miezi mitatu tulikwenda kumwona. Nilibeba utepe wa kupimia uzito, ule unaozungushwa kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Baba mdogo aliuchukua mkononi mwangu akauzungusha tumboni.

"Ndama anapimwanga hapa," akasema. "Shemeji, ona hiyo tumbo! Huyu ameshiba."

Tumbo lilikuwepo, sikatai. Lilining'inia chini ya mgongo uliochongoka, manyoya yamesimama, mkia umeganda kinyesi cha kuhara. Minyoo na njaa, basi. Mzee mzima, mwenye wajukuu, anaonyeshwa ugonjwa na kuupigia makofi! Nilimdharau siku ile, na mpaka leo namdharau.

Nikapima kifua. Utepe ulisoma kilo za ndama aliyezaliwa juzi.

"Hiyo kitu yako imeharibika," akaniambia, akatukaribisha chai.

Ilikuwa chai nzito kwa maziwa, na tuliongezewa kabla ya kuomba. Mama akaishika bila kunywa.

"Na ndama anaachiwanga maziwa gani?" akauliza.

"Tunampea uji ya mahindi, shemeji. Ndama akizoea maziwa anakuwanga mvivu."

Alisema hivyo akifuta maziwa kwenye masharubu yake, bila haya hata chembe. Mama aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa, akatoka nje, akafungua kamba ya ndama. Nikamwita mwenye pikipiki aliyekuwa akitungoja njiani.

Baba mdogo akatufuata mbio. "Ngoja niite vijana wasaidie, shemeji! Huyo ni mzito!"

Mama, ambaye siku hizi hata ndoo ya maji huniachia mimi, alikuwa ameshambeba peke yake.