Hodi ya Nne

Miaka ya hamsini nilirudi kwetu Amu, yaani Lamu, kutoka chuo cha ualimu, kichwa kimevimba. Mkufunzi mmoja alikuwa ametusimulia michezo mipya ya Ulaya, isiyo na kisa wala mwisho, nami nikaona niwaonyeshe watu wetu kwamba binadamu huita maisha yake yote na haitikiwi.

Mchezo wangu ulikuwa mlango tu. Fundi seremala aliniazima mlango mzima na fremu yake, huku akinitazama kama niliyerukwa na akili, tukausimamisha katikati ya uwanja wa skuli bila ukuta wala nyumba. Mimi nibishe hodi, nisijibiwe, nibishe tena mpaka sauti inikauke. Basi.

Ami yangu, mwalimu wa Kurani aliyenilea baada ya baba kufa, alikasirika. Kwetu hodi ni tatu; usipojibiwa, unarudi zako.

"Ukibisha ya nne mbee ya watu," alinambia, "usingie tena kwangu."

Nyumba nyingine sikuwa nayo. Lakini ukaidi ninao mpaka leo.

Siku yenyewe, baada ya swala ya alasiri, uwanja ulijaa. Ami alikaa mbele kabisa, bakora mapajani. Nikabisha ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Hawako, mwalimu! Rudi!" mtu akapaza sauti, watu wakaangua kicheko.

Niliogopa, sifichi. Nikabisha ya nne.

Kicheko kikakatika. Ami akainuka na bakora yake, nikajua anaondoka na mimi nimekwisha. Kumbe aliuzunguka ule mlango, polepole, akapotea nyuma yake. Nikasikia komeo likivutwa, mlango ukafunguka.

"Karibu," alisema, uso mkavu. "Ngia, mwanangu. Yua kali."

Nikavuka kizingiti. Tukasimama upande wa pili, juani vile vile, amenishika mkono, na uwanja mzima ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Fundi alipiga makofi kuliko wote. Mchezo wangu wa mtu asiyeitikiwa uliharibika pale pale, nami sijapata kufurahi vile tena.

Jioni nilifika nyumbani kwa ami, nikasita kidogo barazani. Nilibisha moja tu, na kabla sijaimaliza mlango ulikuwa wazi.