Mashada ya Pyo Sanggu kwa Mwenye Timu

Haya nitakayoyaeleza hamtayaamini, na wala sitawabembeleza. Soko zima la Gunsan linayajua na bado nusu yake haiyaamini, sembuse ninyi. Lakini nani amewahi kunishika na uongo? Hayupo. Basi kaeni vizuri.

Pyo Sanggu, fundi kufuli wa hapa sokoni, hajui kukaa vizuri. Akila anasimama. Akichonga ufunguo, mguu mmoja unatwanga chini ya meza kama unadai kitu. Na akienda kutazama besiboli, hulipia kiti ambacho hakijawahi kuonja makalio yake. Timu yake inaitwa Korongo. Ilianzishwa mwaka ule ule aliooa, na ukimuuliza mkewe, Bang Eulsun, ni yupi aliyeolewa kwanza kati yake na Korongo, atakujibu kwa mwiko.

Ugonjwa wa Korongo ulikuwa ni mwenye timu. Kampuni ya Tambi, ndivyo sote tunavyoiita, jina lake refu tumewaachia wanasheria wao. Iliinunua timu kama mtu anavyonunua picha ya kutundika ukutani, asiitazame tena. Kila majira ya baridi inauza mchezaji. Tukimzoea mgongaji, kauzwa. Tukijifunza kuuimba wimbo wa huyu mpya, naye kauzwa. Mwenyekiti wao, Ham, hakuwahi kukanyaga uwanja wetu hata kwa kupotea njia. Mwaka huo wakamuuza Ma Hoyeol, mrushaji wa mkono wa kushoto, mtoto wa hapahapa ambaye mama yake anauza kimchi, kabichi ya kuchachua yenye pilipili, mlango wa pili kutoka kwa Pyo. Machozi hayajakauka, ikavuma kwamba msimu ukiisha timu yenyewe inahamishiwa mji mwingine wenye uwanja mpya.

"Baba Seulgi, keti ule," mkewe akamwambia.

"Nitaketi vipi? Wanaondoka na timu!"

"Na wewe unaondoka na sakafu yangu. Tazama ulivyoichubua kwa kuzunguka."

"Mama Seulgi, si mzaha huu. Korongo wakienda, jioni nitatazama nini mimi?"

"Utanitazama mimi."

Pyo akaanza kuzunguka tena. Mtu mwenye akili hapo angejibu haraka.

Akamfuata Kuk Dongchil, mpiga ngoma wa mashabiki, wakakubaliana kufanya kama mashabiki wa timu nyingine wanavyofanya wakichoshwa: kumpelekea tajiri mashada ya msiba ofisini kwake. Yale makubwa, marefu kuliko mtu, yenye maua meupe na tepe mbili ndefu za maandishi. Unayapanga mlangoni, wapita njia wanasoma, tajiri anaona haya, na hakuna kioo kilichovunjwa. Soko zima likachanga. Maneno ya tepe niliyatunga mimi, maana kwenye mambo ya kuchoma moyo hakuna wa kunifikia: "Korongo amekufa. Aliyemuua yumo humu ndani."

Siku yenyewe wawili hao wakapanda basi la asubuhi kwenda Seoul, zilipo ofisi za kampuni, fulana za Korongo za rangi ya chungwa mwilini.

"Mjomba, keti ufunge mkanda au ushuke!" dereva akamfokea Pyo.

Akaketi. Akasimama. Akafokewa tena mpaka Seoul.

Walipofika, mtu wa duka la maua alikuwa keshashusha mzigo na kwenda zake. Lakini mashada hayakuwa mlangoni. Vijana wa kampuni, suti nyeusi tupu, walikuwa wakiyabeba polepole kama wamebeba mayai, wakiyaingiza ndani.

"Wanayatupa!" Kuk akasema.

"Nani anatupa hivyo? Hebu tazama. Wanayainamia."

Wakachungulia. Ukumbi ulikuwa umejaa mashada mengine, na katikati picha kubwa ya mzee, utepe mweusi umepita kwenye fremu. Mzee Ham, baba yake Mwenyekiti, yule aliyeianzisha Kampuni ya Tambi kwa sufuria mbili, alikuwa amefariki alfajiri ile. Na kando ya picha, bega kwa bega na mashada ya wakubwa wa nchi, yamesimama mashada ya soko letu: Aliyemuua yumo humu ndani.

Kuk akashika mlango. "Kaka, tuondoke."

"Na zile tepe?"

"Achana nazo!"

"Dongchil, huu ni msiba. Yule mzee hakumuuza mtu. Mwanawe ayasome yale mbele ya picha ya baba yake?"

Akavuta zipu ya koti mpaka kidevuni kuificha fulana, akaingia, nia yake ni kuchomoa tepe na kuyeyuka. Hakufika. Kijana mmoja alimshika kiwiko kwa upole: "Karibu, mzee. Foleni iko huku." Kufumba na kufumbua yuko mbele ya mkeka, anatakiwa avue viatu. Akavua. Soksi zake zilikuwa za chungwa, kila mguu umefumwa korongo aliyekunjua mbawa.

Sasa hapo huwezi kurudi nyuma. Ukishasimama mbele ya picha ya marehemu, unainama. Pyo akainama mara mbili mpaka paji la uso likagusa mikono. Kisha akamgeukia mfiwa, kama inavyopasa, na mfiwa alikuwa Ham mwenyewe, macho mekundu, kitambaa cha msiba kimefungwa mkononi. Wakainamiana. Tajiri yule tuliyemlaani miaka na miaka, magoti chini mbele ya fundi kufuli, vichwa vinakaribia kugongana! Maneno yote ambayo Pyo alikuwa akiyapika akizunguka jikoni yakapanda hadi kooni.

"Pole sana," akasema. Basi. Hilo tu.

Ham akazitazama zile soksi, kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Umetoka Gunsan."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Basi yale mashada ni yenu. Nimeyasoma."

"Nilikuja kuyatoa. Tuliagiza kabla, hatukujua kama kuna msiba. Kwa mzee wako hatuna neno baya hata moja."

"Na kwangu?"

Angeweza kudanganya. 

"Kwako tunayo mengi," akasema. "Ila si leo. Leo umefiwa."

Ham akaonyesha meza za nyuma. "Usiondoke bila kunywa supu."

Pyo akanywa supu ya nyama ya msibani, moto kweli, pilipili tele, zipu iko kidevuni, jasho linamchuruzika, na hakuinuka mpaka bakuli likabaki tupu.

Basini Kuk akamshukia. "Ulikuwa puani pake, ukasema pole! Soko zima limechanga ukanywe supu!"

"Wewe ungesemaje?"

"Ningempa zake!"

"Ungempa wapi, na ule mlango ulioung'ang'ania ungemwachia nani?"

Lakini hata nyumbani Pyo hakuachwa. Kila akipita sokoni, tunamwimbia: "Balozi wa supu huyooo!" Naye anazidi kuzunguka, dukani hadi mlangoni, mlangoni hadi dukani. Nafasi aliipata yeye peke yake, na aliamini ameila na kuimaliza. Timu inaondoka, na ni kwa mdomo wake.

Mpaka Jumamosi moja. Hata sasa ninapoandika, Pyo yuko nyuma yangu, anahemea begani kwangu akisoma kila neno, lakini hanitishi. Jumamosi hiyo Korongo wanapigwa kama kawaida yao, mara uwanja mzima kimya: Ham! Amekuja na magari meusi ishirini, akashuka katikati ya kiwanja, akapiga magoti mbele ya watu elfu arobaini, akalia kwa sauti, akaapa kwamba Korongo hawataondoka Gunsan milele na milele, na kwamba Ma Hoyeol analetwa kesho yake kwa ndege ya—

"Wee! Magari gani ishirini? Alikuja na teksi. Na hao elfu arobaini uliwakalisha wapi, mapajani kwako? Alikaa kiti changu, akala kuku wangu, hakulia wala nini, akasema timu inabaki mwaka mmoja, halafu tutaona. Mmoja! Futa hiyo milele yako!"