Shukrani ya Mama Kanisani

Nilipokabidhiwa cheti cha polisi nilikisoma nikiwa nimesimama kando ya barabara, nikakirudia, kisha nikamwomba muuza vocha anisomee na yeye. Kilisema sina rekodi yoyote ya uhalifu. Mimi! Mimi niliyelala gerezani kwa wizi wa mbolea ya chama cha wakulima kule Mpuguso, mbolea ambayo sikuiona ikiingia stoo wala ikitoka.

Mahakama ya mwanzo ilinifunga, rufaa ikanitoa. Hakimu wa wilaya alitengua hukumu, lakini jina langu liliendelea kukaa kwenye rekodi za polisi kana kwamba hakuna kilichotokea, na kila nilipoomba kazi ya udereva nilirudishwa mlangoni. Nilifuatilia mpaka soli za viatu zikaisha. Sasa walikuwa wamelifuta. Wakili aliyenisaidia aliniambia nitembee kifua mbele, kwa sababu mtu ambaye hukumu yake imetenguliwa, kisheria hakuwahi kutiwa hatiani.

Shule moja binafsi pale Makandana ilikuwa inatafuta dereva wa basi la wanafunzi. Mwalimu mkuu, mama mmoja mwenyeji wa Bukoba ambaye Kinyakyusa chake kinaishia kwenye salamu, alipokea cheti changu, akanipa basi niliendeshe hadi Msasani na kurudi, akaridhika. Mwisho akaniuliza kama nimewahi kutiwa hatiani mahakamani. Nikajibu hapana. Ulikuwa ukweli mtupu, lakini jasho lilinitoka na baridi yote ile ya Tukuyu. Akasema nianze Jumatatu.

Mama nilimwambia siku hiyohiyo. Alikaa chini jikoni akalia, akacheka, akalia tena. Sikumwomba anyamaze, maana haikunipitia akilini kabisa kwamba habari njema nayo inafichwa.

Kwetu mtu akitendewa jema hakai nalo nyumbani. Anapeleka shukrani kanisani, anasimama mbele na kutaja alichotendewa, na anakitaja chote, kwa sababu anayebakiza nusu huonekana anamnyima Mungu sifa zake. Jumapili nilimwona mama akitoka kwenye benchi la wanawake na jogoo kwapani, binamu yangu akimfuata na mkungu wa ndizi kichwani. Nilitabasamu kama mjinga. Nilidhani anakwenda kushukuru kwa ajili ya kazi.

"Ndaga fijo, Kyala," alianza, asante sana, Mungu, na wazee wakaitikia. Angeendelea hivyohivyo kwa Kinyakyusa ningekuwa salama. Lakini mama ni mtu wa adabu, akageukia Kiswahili ili na wageni waelewe.

"Mwanangu huyu alifungwa," alisema. "Mahakama ilisema ni mwizi. Leo serikali yenyewe imefuta. Polisi wameandika hana kosa."

Vigelegele vikapasua kanisa. Mimi masikio yaliziba. Mabenchi mawili mbele yangu kilemba cha kitenge kiligeuka taratibu, na chini yake alikuwa mwalimu mkuu, ananitazama. Wala sikujua kwamba anasali pale.

Jumatatu nilikwenda kazini hivyohivyo, shati limenyooshwa pasi. Hakunikaribisha kiti. Kwenye kona ya ofisi ulisimama mkungu wa mama. Alikuwa ameununua kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada. Nilimweleza habari ya rufaa, nikamweleza maana ya hukumu kutenguliwa, nikakitoa cheti tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, tena kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha.

"Kaka yangu, mimi nimekabidhiwa watoto wa watu," alisema. "Karatasi naweza kuitilia shaka. Mama mzazi hawezi kumsingizia mwanawe mbele ya madhabahu."

Hakimu alikuwa amenisafisha, polisi wamenisafisha, na mama aliyekuwa akiniombea kila asubuhi ndiye aliyeniangusha, kwa kushukuru! Nilitaka kucheka, nilitaka kupiga meza. Nikaaga nikatoka.

Nyumbani mama alikuwa akimenya ndizi. Aliponiona nimerudi mapema vile kisu kilisimama. Njia nzima nilikuwa nimejipanga kumdanganya kwamba basi limeharibika, nikashindwa, nikamweleza yote. Alimaliza ndizi zake, akafuta utomvu mikononi, kisha akaniuliza yule mwalimu husali ibada ya kwanza au ya pili. Nikamuuliza ya nini.

Mama yangu sijawahi kumsikia akisema uongo, hata kwa mtoza ushuru wa sokoni.

"Jumapili nitasimama tena," alisema. "Nitawaambia nilidanganya. Hukufungwa."