Kaka Kibwana na Hondohondo

Kaka yangu Kibwana ni mtu ambaye panya akiingia ghalani humtoa kwa ufagio, tena kwa upole, kama anamwomba mpangaji ahame. Siku ya kuchinja kuku huita jirani, mwenyewe akashika njia ya shamba. Hapa Mzenga wamemcheka miaka mingi, na mimi Biasha, mdogo wake, nimemcheka kuliko wote. Asiyemjua angedhani alizaliwa hivyo.

Hakuzaliwa hivyo. Ujanani alikuwa na gobore la marehemu baba yetu, na msituni alikwenda kwa raha zake. Sisemi habari ya paa wa kitoweo, kula ni kula. Nasema tumbili, njiwa, chochote kilichokaa juu ya mti kikamtazama. Aliangusha, akacheka, akaviacha palepale viliwe na siafu. Wasichana tulimsifu sana, Mungu atusamehe. Siku moja akaangusha dume la hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, kwa sababu tu rafiki yake Twalibu alimwambia hataweza.

Sasa, hondohondo jike akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti, na mlango huzibwa kwa tope, ukabaki ufa wa kupitisha mdomo. Humo ndani manyoya ya mabawa humpukutika, hawezi kuruka. Dume huleta matunda kutwa nzima na jike hupokea ufani. Kibwana hakulijua hilo. Alilijua baadaye, alipopita karibu na pale alipomwangusha yule dume, akasikia harufu mtini, akapanda, akabomoa lile tope. Mama na makinda walikuwa wamekauka, midomo yote imeelekea kwenye ufa. Aliniambia mimi peke yangu, na gobore hakulishika tena.

Mwaka huu binti yake, Raudha, alirudi nyumbani kujifungua, kama ilivyo kwa uzazi wa kwanza. Akawa ndani na kichanga chake, anamaliza arobaini chini ya mikono yangu. Mumewe, Sadick, anauza simu Kibaha. Jumapili moja alikuja kwa pikipiki, kaleta unga wa uji, jogoo na pempasi, na begani kaning'iniza bunduki ya upepo aliyoazima kwa rafiki yake. Chumba cha mzazi si kijiwe. Nilimwacha ambebe mtoto kidogo, kisha nikamtoa. Akabaki uani hana la kufanya, na mwanamume asiye na la kufanya ukimpa bunduki ni balaa.

Nyuma ya nyumba kuna mvule mkubwa wenye tundu. Tangu vuli ianze, hondohondo walikuwa wameziba mlango wao humo, na kaka yangu kila siku hukaa pale akinoa jembe lisilohitaji kunolewa, macho juu. Siku hiyo dume alikuja na tunda la kuyu mdomoni, akatua tawini. Sadick akainua bunduki.

Niliona yote kutoka jikoni. Kaka yangu alisimama, mkono juu, mdomo wazi, na sauti haikutoka. Mkwe ni mkwe. Tangu ile ndoa hawakuwahi kupandishiana sauti, hata sahani moja waliila wameinamisha macho. Alikuwa akitafuta neno la adabu, masikini, na mimi mjinga nimeganda na mwiko wangu. Bunduki ikalia. Ndege akagonga tawi, akaanguka.

"Baba, umeona shabaha hiyo?" Sadick alisema, kamwinua ndege kwa bawa, simu tayari mkononi apige picha.

Mle mtini mkaanza kugongwa. Ko, ko, ko. Jike alikuwa akidai chakula chake.

"Kuna mkewe mle," Kibwana alisema.

"Mke? Ndege, baba?"

"Na watoto. Wamezibiwa, hawatoki."

Sadick alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye. "Basi tubomoe, aende zake."

"Hana manyoya ya kurukia! Watakufa humo wanamsubiri huyo uliyemshika! Mimi nimewaona waliokufa hivyo. Niliwaua mwenyewe!"

Sauti ile sijapata kuisikia maishani. Raudha aliita kutoka chumbani, "Shangazi, kuna nini huko?" Nikamwambia alale. Sadick akamweka ndege chini taratibu. Aliutazama mlango wa chumba cha mkewe, akautazama mti. Nilikuwa na maneno yangu makali ya kumpa, nikayameza, maana niliona yameshamfikia.

Walikwenda kuchuma makuyu, wakaunga ngazi mbili kwa kamba. Kibwana akapanda na goti lake bovu, kuyu kalichomeka kwenye ncha ya kijiti. Ngazi ilipogusa shina, kule kugonga kukakoma. Akasogeza kijiti ufani. Kimya. Akasubiri, akasogeza tena. Mdomo ukachomoza kwa ghafla, ukakipiga kijiti mpaka kikavunjika, ukarudi ndani. Jua lilikuwa linashuka na ngazi inayumba.

"Shuka, kaka, utavunjika!" nilipiga kelele.

"Akizoea kutuogopa ndiyo basi," alijibu. Lakini goti lilimkatalia, akashuka akihema.

"Nipe mimi," Sadick alisema.

Kibwana alimtazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti. "Usimwoneshe uso. Kaa ubavuni, mkono tu ndio uende. Na usiharakishe."

Sadick akapanda na kuyu mkononi. Alijibana ubavuni mwa shina, mkono kaunyoosha, jasho likimchuruzika shingoni. Nilikuwa nasoma kila dua ninayoijua. Mdomo ukatoka nusu, ukarudi. Ukatoka tena, ukalichukua lile kuyu vidoleni mwake. Mle ndani vikalipuka vilio vyembamba, vingi kwa pamoja.

"Wako hai," Sadick alinong'ona. "Baba, wanalia."

Kaka yangu, aliyeshika ngazi kwa mikono miwili, akaanza kulia mbele ya mkwe wake, kwa sauti, bila kujificha. Nilijua analilia wale wa zamani. Sadick hakugeuka kumtazama. Alishusha kiganja chini, kitupu.

"Baba," alisema, "lete jingine."