Kadi ya Mdakaji wa Akiba

Emil Hudak alipeleka barua kwa miguu miaka thelathini na minne katika mji wa Campbell, Ohio, na mbwa wawili tu ndio waliowahi kumng'ata. Siku aliyostaafu walimpa keki na saa ya ukutani. Akaipachika saa jikoni, akaketi chini yake, na kuanzia hapo kitu fulani ndani yake kikaingia ganzi.

Huzuni angeitambua. Aliijua tangu mama yake alipofariki, na ilikuwa na uzito wake. Hii ilikuwa kama mkono uliolaliwa: unauona, uko pale pale begani, lakini ukiubana hausikii. Daktari alimpima damu na moyo, akasema mzee huyu yu mzima kuliko wengi wa rika lake.

"Mzima wapi, daktari?" mkewe Dolores akadakia. "Timu yake imepigwa mechi sita mfululizo na hajatukana hata mara moja."

Lililobaki ni kadi, nazo aliendelea nazo kwa mazoea tu, kama mtu anavyoendelea kunyoa ndevu. Alikuwa akikusanya seti ya kadi za besiboli za mwaka 1956, zote mia tatu na arobaini, na hakutaka kadi yoyote iliyo chini ya alama nane kati ya kumi. Kadi za namna hiyo hupelekwa kwa wapimaji, zikakaguliwa kwa lenzi, zikafungiwa kwenye makasha ya plastiki ngumu yenye alama juu yake. Nane maana yake pembe zote nne ni kali, rangi haijapauka, na picha imekaa katikati ya ukingo wake mweupe. Watoto wa 1956, Emil akiwa mmoja wao, walizifunga kadi kwa mipira ya kufungia, wakazichomeka kwenye spoki za baiskeli, wakazilalia. Kadi iliyofika uzee bila mkunjo ilikuwa adimu kama mtu aliyefika uzee bila kovu.

Miaka ishirini na sita alikuwa akiikusanya, na mwaka ule wa 2009 alikuwa nazo mia tatu thelathini na tisa.

Iliyobaki haikuwa ya mchezaji maarufu. Ilikuwa ya Orrin Tackett, mdakaji wa akiba, yaani wa kudaka mipira nyuma ya mpigaji, aliyecheza misimu miwili akarudi kwao kufuga kuku. Ila kadi zake karibu zote zilikatwa kombo tangu kiwandani, picha ikaegemea upande mmoja kama mlevi. Emil alijua mahali pamoja tu penye Tackett aliyesimama wima: kule Erie, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, nyumbani kwa Norbert Fusco, muuza nyama mstaafu.

Walikutana kwenye maonyesho ya kadi mwaka 1998. Tangu hapo kila Jumapili saa nane mchana Emil humpigia simu.

"Haya, tarishi, unataka nini?" Norbert huanza.

"Unajua ninachotaka."

"Tackett yupo. Anakula, analala. Anakusalimu."

"Taja bei, Norbert."

"Figo. Una figo mbili, nipe moja."

"Yangu ya kulia ina mawe."

"Basi kaa nayo, na mimi nikae na Tackett." Kisha huhamia kwenye mvua, magoti, na wajinga wanaoongoza timu ya Cleveland, mpaka Dolores apite na kapu la nguo na kusema, "Nyie mnafanya biashara au mmeposana?"

Mwaka huo, mwezi wa nane, simu ya Norbert ikawa haipokelewi. Jumapili saba Emil aliisikiliza ikilia, akaweka chini, akaenda kukata majani. Katikati ya Oktoba akapigiwa na mwanamke.

"Mzee Hudak? Naitwa Marlene, binti wa Norbert Fusco. Nimeona namba yako kwenye simu ya baba, imejaa. Baba amepoteza kumbukumbu. Tumempeleka nyumba ya kutunzia wazee. Kama unataka kumwona, usichelewe, bado ana siku nzuri."

"Pole sana," Emil akasema. Alingoja moyo umpige. Haukumpiga.

Alhamisi akaendesha hadi Erie. Mfukoni alitia kadi kumi na mbili za zamani, chakavu, za kupitishia muda tu, kwa sababu hakujua mtu humwambia nini rafiki asiyemjua.

Norbert alikuwa ameketi dirishani na sweta lake la kijani, mikono minene magotini, kidole kimoja hakina ncha; msumeno wa mifupa ulikichukua zamani. Alimtazama Emil juu hadi chini.

"Wewe wa shule gani?"

"Ya Campbell," Emil akajibu.

"Watu wa Campbell wezi. Una nini mfukoni?"

Emil akamwonyesha. Norbert akazipitia upesi upesi, kidole gumba kikisukuma kadi moja baada ya nyingine kama mtu aliyeacha jana. Akasimama kwenye kadi ya mrushaji mmoja wa mkono wa kushoto, yenye mkunjo uliopita katikati ya uso.

"Yesu na Maria! Ona masikio haya! Huyu namtaka."

"Mchukue."

"Nani kakwambia mimi ombaomba? Tunabadilishana." Akavuta bati la biskuti chini ya kiti, akapekua soksi na picha za wajukuu, akatoa kasha la plastiki. "Nakupa huyu. Hapigi mpira hata ukimwekea mezani."

Alikuwa Tackett. Amekaa katikati, pembe nne kama zilizokatwa asubuhi ile. Alama nane.

"Norbert," Emil akasema, "una hakika?"

"Unaogopa? Watu wa Campbell wezi, tena waoga." Akatema mate kiganjani, kama watoto wanaofunga makubaliano, akanyoosha mkono. Emil, mtu wa miaka sitini na tano, akatema ya kwake, wakashikana.

Kwenye korido alimkuta Marlene akiongea na muuguzi. Akamnyooshea lile kasha.

"Baba yako kanipa hii kwa kadi isiyo na thamani, tukatema mate na kushikana mikono. Si haki. Ichukue."

Marlene akaitazama, akacheka, halafu akafuta macho kwa mkono wa koti. "Ndiyo hii? Mama alikuwa akimsihi, Norbert, muuzie maskini wa watu. Unajua baba alikuwa akijibu nini? 'Nikimuuzia, yule tarishi atamaliza seti yake. Akimaliza atanipigia simu ya nini?'"

Emil aliyasikia maneno yale moja moja, waziwazi, kama mtu anayesoma anwani kwenye bahasha. Alijua yalikuwa maneno ya kumchoma mtu. Akasimama akisubiri kuchomwa.

"Kaa nayo, mzee," Marlene akasema. "Mmeshatemeana mate, sijui mimi ni nani wa kuvunja."

Nyumbani alimweka Tackett kwenye nafasi yake sandukuni. Aliiandikisha seti kwenye orodha ya mtandaoni ya wakusanyaji, ikatokea ya sita nchi nzima, na watu asiowajua wakamwandikia hongera. Dolores alichemsha pierogi, yale maandazi yenye viazi ndani, akayakaanga kwa siagi na vitunguu kama siku ya sikukuu.

"Haya, mshindi. Unajisikiaje?"

Emil akafikiri kwa uaminifu. "Nina njaa," akasema.

Dolores akaweka sahani chini, akaketi mbele yake. "Emil, unanitisha."

"Najua," akasema. "Samahani."

Jumapili saa nane mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye simu, ukarudi. Alhamisi, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda, akarudi Erie.

Kabla hajaketi Norbert akamrukia. "Mwizi huyo! Umenipiga! Nirudishie Tackett wangu!" Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. Muuguzi akamwambia Emil kwa sauti ya chini kwamba mzee amekuwa akimlilia mtu anayeitwa Tackett tangu Jumatatu, na wao walidhani ni ndugu yake.

Emil akaendesha hadi Campbell, akafungua sanduku. Dolores alikuwa mlangoni.

"Unafanya nini? Miaka ishirini na sita hiyo."

"Anaililia."

"Na wewe?"

"Mimi siililii," Emil akasema, na lilikuwa jambo la kweli kuliko yote aliyosema mwaka ule. Alipokuwa akivaa koti Dolores alimfungia vifungo, jambo ambalo hakulifanya tangu walipokuwa wachumba. Siku hiyo hiyo kadi ikawa Erie, kwenye bati la biskuti. Kesho yake akaifuta seti yake kwenye orodha.

Wiki iliyofuata alimkuta Norbert kakunja miguu kitandani, na sakafuni vipande vya plastiki. Kasha lilikuwa limevunjwa kwa mguu wa gongo la kutembelea. Tackett alikuwa mkononi mwake, uchi, pembe moja imekunjika, na kifuani pana alama ya kidole yenye siagi ya mkate. Emil aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga. Sasa ilikuwa alama tatu. Labda nne, kwa mpimaji mwenye huruma. Alingoja maumivu kama mtu aliyejigonga kidole cha mguu anavyongoja, sekunde moja, mbili. Hayakuja.

"Alikuwa anakosa hewa mle ndani," Norbert akaeleza. "Una zako? Twende ukutani."

Mchezo huo Emil hakuucheza tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Mnasimama mbali na ukuta, kila mtu anarusha kadi kwa vidole viwili, na mwenye kadi iliyo karibu zaidi na ukuta anazoa zote. Walisimama kwenye korido ya nyumba ya wazee, mmoja na gongo, mwingine na goti bovu, wakarusha. Kadi ya kwanza ya Emil iliruka kama jani, ikaishia chini ya kiti cha magurudumu.

"Unarusha kama unaitia barua kwenye sanduku!" Norbert akapiga kelele. "Kiwiko, bwana! Kiwiko!"

"Kiwiko kinauma."

"Basi umia nacho. Zamu yangu."

Bibi mmoja alisimama nyuma yao na kigari chake cha kutembelea. "Mnaziba njia, wazee wapumbavu."

"Pita, mrembo," Norbert akasema, "lakini usimkanyage Tackett."

Emil alipoteza kadi kumi na moja. Ile ya mwisho aliirusha vizuri, ikagusa ukuta, akadhani amepata. Ndipo Norbert akamrusha Tackett, ile pembe iliyokunjika ikashika kwenye ukingo wa sakafu, na kadi ikasimama wima imeegemea ukuta, ambayo kwa sheria za watoto wa zamani huzoa zote, hata zilizo mfukoni. Norbert akainua gongo juu kama aliyeshinda vita. Sauti ikamtoka Emil, fupi na kavu; muuguzi akageuka kuona nani kakohoa.

Akainama kuziokota. Goti lilimuuma sana.

Walicheza kila Alhamisi majira yote ya baridi, isipokuwa wiki mbili za theluji. Emil alinunua kadi chakavu za kupoteza, akazipoteza. Siku nyingine Norbert alimwita tarishi. Siku nyingi hakumwita chochote, akamwonyesha ukuta tu. Tackett akaendelea kuchakaa mpaka mdomo wake haukuonekana tena.

Norbert alikufa Aprili, kwa homa ya mapafu. Marlene alimwomba Emil awe mmoja wa wabeba jeneza, naye akashika upande wa kushoto, mbele. Hakulia kanisani, hakulia makaburini. Kwenye chakula cha matanga alikula soseji mbili, akajibu kila aliyemuuliza alimjuaje marehemu, "Kwa simu."

Siku nne baadaye alikuwa jikoni akimsaidia Dolores kumenya viazi. Redio ilikuwa inatangaza mechi ya Cleveland. Mtangazaji akasema mdakaji wa akiba anaingia, jambo la kawaida kabisa, na Emil akajikuta anashindwa kuona kiazi kilicho mkononi mwake. Mabega yakaanza kumtikisika. Hakujua yanatikisika kwa ajili ya nini, wala hakuuliza.

Dolores akakitoa kisu vidoleni mwake taratibu. Akasogeza bakuli upande wake, akaendelea kumenya, na kumwacha mumewe alie.