Kitufe Alichokatazwa Leuntje

Saa nne na robo asubuhi, mazishi yakisubiriwa saa tano, Krijn Dingemanse alikuwa bado katika ofisi ya kanisa, koti jeusi mwilini, macho kwenye kompyuta. Kwa miaka tisa yeye na binti yake Jikkemien ndio walioitunza tovuti ya kanisa, ili wagonjwa wa kijiji waitazame ibada moja kwa moja wakiwa kitandani. Leo Jikkemien alikuwa ndani ya jeneza, kanisani, nyuma ya ukuta wa ofisi hiyo. Mama yake, Leuntje, alikuwa amelala mjini Middelburg katika nyumba ya wazee, nyonga imevunjika. Aliomba jambo moja tu: amwone mwanawe akitolewa kanisani.

Tableti yake ilikataa kuifungua tovuti. Juzi cheti cha usalama cha tovuti kiliisha muda, Krijn akaweka kipya, cha bure. Simu za siku hizi zilikipokea bila neno. Kivinjari cha ile tableti kuukuu hakikumtambua aliyekitoa, kikaandika kwa rangi nyekundu: Tovuti hii si salama.

Krijn akaagiza cheti kingine, cha watoaji wa zamani ambao hata vifaa vikongwe vinawaamini. Ilibaki kuifungua barua pepe ya uthibitisho. Ndipo akakumbuka inakokwenda. Ilikwenda kwa Jikkemien, na nenosiri la sanduku lake alilijua binti huyo peke yake.

"Ee Bwana, hata hili?" akanong'ona.

Akampigia mkewe, Leuntje.

"Mama, sikiliza. Chini kabisa pana neno 'Endelea'. Libonyeze."

"Silibonyezi."

"Ni tovuti yetu! Ni mimi!"

"Wezi nao husema hivyohivyo. Jikke alinikalisha hapa akaniambia, 'Mama, ukiona nyekundu, usibonyeze Endelea, hata Baba akikuambia. Baba hubonyeza ovyo.'"

Krijn akacheka, na kicheko kikamgeukia kilio.

"Mama, nakuomba. Hutamwona tena."

"Najua. Usinilazimishe, Baba. Leo namzika, ndiyo nianze kumpuuza?"

Kengele ikalia. Krijn akaingia kanisani simu mkononi bila kuikata, akaketi benchi ya mbele. Mchungaji alipoanza kuhubiri, mkono wa Krijn ulitoa peremende mfukoni, kama kila Jumapili, ukaipeleka kushoto, kwa Jikkemien. Ukabaki hewani.

Wabebaji waliposimama, aliinamia simu bila kujali nani anatazama.

"Mama, wanamnyanyua."

"Wangapi?"

"Sita. Mbele ni kijana wa jirani, mwana wa Kee."

"Yule? Mwambie asiyumbe."

"Hayumbi. Wamefika kwenye nguzo. Sasa mlango. Mama, jua limempiga."

Alisikia pumzi tu, na blanketi likivutwa.

"Krijn."

"Naam."

"Uko karibu naye?"

"Naweza kumgusa."

"Basi mguse. Mwambie sikubonyeza."